Zambarau Ndani ya Mafuta ya Alizeti

Katika kata yetu ya Gehandu hakuna mtu mwingine aliyewahi kushika fulerini kwa mikono yake. Nalisema hili bila aibu kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mbele ya watu wangu ukweli huo ulikosa shahidi.

Niliondoka nyumbani na cheti cha kidato cha nne na mashati mawili. Sikusomeshwa na mjomba wala na kanisa. Nilivuka mipaka nikapata kibarua kwenye kiwanda kidogo ambacho kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukwangua masizi. Watu wakisikia hivyo hucheka. Wacheke. Masizi yale yalitoka ndani ya tangi la chuma lililonyonywa hewa na kujazwa gesi ya heliamu. Humo ndani fimbo mbili za grafiti, aina ile ile ya kaboni iliyomo ndani ya penseli, zilisogezwa hadi umeme ukaruka kati yake. Grafiti iligeuka mvuke, mvuke ukapoa, kuta za tangi zikavaa ungaunga mweusi, laini kuliko poda ya mtoto. Sehemu ndogo tu ya ungaunga huo ndiyo fulerini. Nyingine ni masizi ya kawaida.

Nilikwangua miaka miwili. Mwaka wa tatu nikaomba ruhusa nione kinachofanyika chumba cha pili, walikouosha. Fundi alimimina kiyeyusho juu ya ungaunga, akachuja kwa karatasi, na kilichodondoka chini kilikuwa zambarau. Zambarau safi, kama ua la kiazi kule Mbulu kwa wajomba zangu. Nilisimama pale na ufagio wangu, nikajiambia sitakufa bila kujua kwa nini kitu cheusi kinatoa rangi hiyo.

Nikajua. Nilisoma jioni baada ya kazi kwa miaka minne hadi nikapata diploma ya teknolojia ya maabara, na jina langu kwenye cheti kile halikuandikwa kwa huruma ya mtu. Molekuli moja ya fulerini ni atomi sitini za kaboni zilizoshikana zikafanya mpira, sawasawa na mpira wa miguu wa zamani: vipande kumi na viwili vya pembe tano, ishirini vya pembe sita, na katikati uwazi. Mkaa ni kaboni na almasi ni kaboni, lakini hakuna kati ya hivyo kilicho mpira. Mpira huu hupokea elektroni kwa urahisi, ndiyo maana huwekwa kwenye paneli za jua za plastiki, zile nyembamba zinazokunjika. Hunasa chembe zinazochakaza ngozi, kwa hiyo watengeneza krimu wanautaka. Ukichanganywa na potasiamu na kupozwa sana, unapitisha umeme bila kipingamizi chochote. Na kwa kuwa ni mviringo na mgumu, wapo wanaoutia kwenye vilainishi, ujiviringishe kati ya chuma na chuma. Hilo la mwisho wataalamu bado wanabishana faida yake ni kubwa kiasi gani. Mimi nimeliona likifanya kazi.

Nilipoaga, nikiwa nimeshakuwa msimamizi wa chumba kile cha pili, walinipa chupa ya kioo cha kahawia, ndogo kama ya dawa ya kikohozi, imejaa unga wa fulerini uliosafishwa. Wengine wakistaafu hupewa saa.

Nyumbani nilimkuta mama na mdogo wangu. Baba alikuwa ameshafariki. Kwetu kitindamimba ndiye hubaki na nyumba ya mama, na yeye alikuwa amebaki kweli: ameoa, ana shamba la alizeti na ng'ombe wachache, anaendesha mashine ya kusaga niliyomnunulia mama kwa mshahara wangu. Nilimpenda mdogo wangu. Naandika hivyo kwa sababu msomaji asipolijua hilo hatajua kilichoniuma.

Jiko la mama ni lile lile la utotoni, la miti na udongo, na juu ya moto kuna dari la fito ambako huning'iniza mahindi ya mbegu ili moshi uyalinde na wadudu. Fito zile zilikuwa nyeusi tititi, zinang'aa kama zimepakwa lami. Katika nyumba yetu mwanamume hagusi dari hilo. Mbegu iko chini ya mkono wa mama, na masizi yake pia. Akitaka kupunguza yasidondokee ugali, huchukua mundu mkuukuu akakwangua mwenyewe. Baba aliishi humo maisha yake yote na sikumwona hata siku moja akiinua mkono kule juu.

Wiki ya kwanza nilichukua kichupa, nikatia mafuta ya alizeti ya mdogo wangu na unga wangu kidogo. Nikakitikisa kila siku, nikakifunika kwa kitambaa cheusi. Baada ya majuma mawili nikachuja kwa karatasi nilizokuja nazo na kumwita mama.

"Tazama."

Alikiinua kichupa, akakitazama, akanitazama.

"Umetia rangi ya kitenge?"

"Sijatia rangi, mama. Ni ule unga mweusi."

"Mweusi unazaa hii?"

"Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa naifanya miaka yote."

Akasema, "Basi hukupotea bure." Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo na mtu yeyote. Nikampa kichupa akitunze. Nikamwambia akiweke gizani, kwa sababu mwanga huyaharibu mafuta yale.

Kisha nikatia unga kidogo kwenye grisi ya beringi za mashine yetu. Ile mashine ilikuwa ikilia kama ndama aliyetengwa na mama yake. Ndani ya siku tatu ikatulia. Kina mama waliokuja kusaga walisimama wakasikiliza. Habari zikatembea hadi Dirma na Getanuwas, wenye mashine wakaanza kuja kuuliza, na mimi, sitaficha, niliongea. Nilisimama uwanjani pale mashineni na mpira wa miguu mkononi, nikiwahesabia vipande. Siku moja mzee mmoja aliniuliza unga huu unatoka mti gani. Nikacheka, nikasema, "Mzee, hata kwenye masizi ya jikoni kwako huenda imo, chembe chache zisizoonekana. Ila ujuzi wa kuitoa ndio huna."

Mdogo wangu alikuwa pembeni, anafunga gunia. Alicheka na wengine.

Nilikwenda Arusha miezi miwili kutafuta namna ya kuagiza fulerini nyingi na kuandikisha biashara. Chupa ya kahawia nilimwachia yeye, ndani ya kasha la vifaa. Nilimwambia ampe kidogo mtu mwenye shida kubwa tu, na asizidishe.

Niliporudi, aliyenipokea uwanjani hakuwa mama. Alikuwa mzee wa Kibarbaig kutoka Dirma, mtu mrefu mwenye shuka nyekundu, amekaa kwenye jiwe na fimbo imelazwa magotini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiyo mwenye dawa?"

"Ndiyo mimi."

"Dawa yako imekula mashine yangu."

Akafungua karatasi iliyosokotwa. Ndani kulikuwa na kijiko kimoja cha unga mweusi. Alisema mdogo wangu alimuuzia mara mbili. Ya kwanza ilifanya kazi vizuri akatusifu hadi Getanuwas. Ya pili aliitia kwenye grisi asubuhi, na kabla ya saa sita beringi imeshika moto, shafti imevunjika. Alikuwa ameuza ng'ombe ili kuinunua mashine ile, na wanawake wa kwake sasa wanatembea na mahindi kichwani nusu siku.

Nikasugua ule unga kati ya vidole. Ulikuwa na changarawe. Udongo, majivu, vipande vya majani. Ukitia kitu hicho kwenye beringi ni sawa na kutia mchanga.

"Haya ni masizi, mzee. Si yangu."

"Karatasi imeandikwa jina lako."

Na kweli liliandikwa, kwa mwandiko wa mdogo wangu, na chini yake: *Diploma*.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anachonga mpini wa jembe. Hakuinuka.

"Umewauzia watu masizi kwa jina langu?"

"Ulisema mwenyewe imo kwenye masizi."

"Nilisema chembe! Chembe zisizoonekana!"

"Sasa mimi nisiyekuwa na diploma nitajuaje ngapi zinatosha?" Akapuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Watu walikuwa wanakuja, kaka. Ningewaambiaje? Msomi hayupo, rudini?"

"Na chupa yangu?"

"Ipo mahali ulipoiacha."

Nikaenda kutazama. Ilikuwapo, imejaa karibu kama nilivyoiacha, imefungwa vizuri. Nikashusha pumzi. Kosa langu lilikuwa hapo. Chumba cha pili walinifundisha kupima kila kitu mara mbili kabla ya kutamka neno, na nilipofika nyumbani sikupima hata mara moja. Nilitazama unga mweusi ndani ya kioo cha kahawia, nikauamini kwa sababu ulikuwa ndani ya nyumba yetu.

Jambo lilifika kwa mtendaji wa kijiji, kikao kikaitishwa. Wenye mashine walikuja, kina mama walikuja, na yule mzee wa Dirma alikuja na kaka zake. Hoja yao ilikuwa moja: huyu alirudi na maneno makubwa, kumbe ni tapeli. Nikaomba nafasi. Sitasahau jinsi nilivyosimama, shati jeupe, cheti mkononi. Nikawaambia fulerini ina alama isiyodanganya. Itie kwenye mafuta ya alizeti, yasubiri, chuja, itatoa zambarau. Masizi hayatoi. Tuweke chupa mbili hapa ofisini, moja na unga wa mzee, moja na unga wangu. Mtendaji azifungie kabatini, gizani, na kila asubuhi nije nizitikise mbele yake. Baada ya majuma mawili macho yenu yahukumu.

"Na zikiwa sawa?" aliuliza mtu wa Getanuwas.

"Zikiwa sawa niiteni tapeli hadi nife."

Wakapiga makofi. Mama alikuwa amekaa na kina mama upande wa dirisha. Hakupiga.

Majuma mawili nilikwenda kila asubuhi. Mtendaji alianza hata kunitania: "Daktari wa mafuta, wagonjwa wako wameamkaje?" Kwa kuwa mafuta yalikuwa yametibuka meusi, rangi isingeonekana kabla ya kuchujwa, nami sikuwa na wasiwasi. Usiku nililala kama mtoto.

Siku yenyewe ofisi ilijaa hadi nje. Nilikunja karatasi mbili za kuchujia, nikaweka glasi mbili juu ya meza. Nikaanza na ya mzee. Mafuta yalidondoka polepole, njano, yamechafuka kidogo. "Mnaona? Masizi," nikasema. Kisha nikamimina ya kwangu.

Tone la kwanza lilikuwa njano. Nikasema moyoni, ni tone la kwanza. La pili. La tatu. Glasi ikafika robo, njano ile ile, njano ya alizeti ya mdogo wangu. Nikaiinua kwenye mwanga. Nikafungua karatasi nikaona kilichobaki juu yake, na katikati ya weusi palikuwa na kipande cha jani la hindi, kidogo kama ukucha.

"Zote njano!" mtu alisema mlangoni.

"Mtaalamu, au zambarau imekwenda Arusha?"

Walicheka. Mwanamke mmoja niliyesoma naye darasa la tano alisema si kwa ubaya, "Jamani mwacheni, jasho linamtoka." Mzee wa Dirma hakucheka. Aliinuka, akanitazama kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyemdhani ni mzima, akatoka. Mdogo wangu alikuwa ameegemea ukuta wa nyuma, macho yake kwenye vidole vya miguu. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nilimsubiri. Nilimsubiri muda mrefu kuliko nilivyosubiri mafuta.

Nyumbani niliingia moja kwa moja jikoni kunywa maji. Nikainua kichwa, sijui kwa nini. Fito za dari, zile nyeusi za tangu nizaliwe, zilikuwa nyeupe. Zimekwanguliwa kutoka ukuta hadi ukuta, mti umeonekana nyuzi zake, na mahindi ya mbegu yamening'inizwa upya juu ya fito safi. Kazi ya mundu. Kazi ya mkono mmoja tu katika nyumba hii.

Nilikuwa nimekaa humo tangu nirudi kutoka Arusha, nikila ugali chini ya dari lile, na sikuinua macho.

Mama aliingia na kuni. Aliona ninakotazama, akaziweka chini.

"Mdogo wako alisema ungewapa wewe mwenyewe kama ungekuwapo," akasema.

"Na chupa yangu?"

"Ule wa kwako aliumaliza kwa wale wa mwanzo. Akaogopa. Nikampa masizi mengine ya dari akajazia."

"Wewe ulijua. Siku zote kumi na nne nikienda ofisini, ulijua."

"Nilijua."

"Ukaniacha nisimame mbele ya watu."

Mama si mtu wa kulia. Alikaa kwenye kigoda chake, akakunja mkono mmoja juu ya mwingine. "Wewe una cheti," akasema. "Jina lako likiharibika hapa, utakwenda kulitafuta pengine, ulishafanya hivyo. Huyu hana pengine. Ana hapa tu, na mimi nitazikwa naye."

Kisha akaingia chumbani, akarudi na kichupa kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge. Kile cha wiki ya kwanza. Alikitunza sandukuni, gizani, kama nilivyomwagiza. Kilikuwa kimepungua nusu.

"Nilipaka magotini. Yanauma. Usinigombeze." Akakiweka mkononi mwangu. "Haya. Nenda nacho kesho ofisini ukawaonyeshe. Sitakuzuia."

Zambarau ilikuwa pale pale, nzima, nzuri kama siku ya kwanza. Nilichokileta kilikuwa cha kweli. Na mtu pekee aliyekuwa na ushahidi alikuwa amekaa upande wa dirisha siku ya kikao, mikono mapajani.

Sikwenda ofisini. Nisingependa mtu anisifu kwa hilo. Nilifika hadi njia panda, na nilikuwa nimeshapanga hotuba. Lakini nilijua wangeniuliza tu swali moja, kama hiki ndicho cha kweli, basi kile cha uongo kilitoka dari la nani, na kila mwanamke aliyekuwa pale anajua nani hukwangua dari. Nikageuka. Hasira yangu ilibaki, ikakosa mahali pa kwenda.

Nilinunua beringi mpya na shafti, nikaenda Dirma kwa miguu, vifaa mgongoni. Mzee alinisalimia kwa ufupi, akanionyesha mashine, akakaa pembeni kunichunga. Nilifanya kazi kuanzia asubuhi hadi jua likakaribia Mlima Hanang. Nilisafisha, nikapima, nikapima tena. Nilipofungua kopo la grisi alisogea.

"Hiyo ina dawa?"

"Haina, mzee. Grisi tupu."

"Hakikisha."

"Nimehakikisha."

Tukawasha, ikazunguka vizuri. Nikiwa nakusanya spana, kichupa kilidondoka kutoka kwenye mfuko. Mzee alikiokota kabla yangu, akakifungua kile kitenge, akakiinua kuelekea jua. Mwanga ulipita, rangi ikamwangukia usoni.

"Hii nini?"

Kile ndicho kilikuwa kikao changu, mtu yule na jua lile. Neno moja tu na jina langu lingerudi, japo kwa boma moja la Dirma.

"Mafuta ya magoti ya mama yangu," nikasema, nikanyoosha mkono. "Naomba mzee, yasikae juani. Yanaharibika."

Hakunipa haraka. Alikitazama kichupa, akanitazama mimi, akakifunga tena kwenye kitenge, taratibu, akihakikisha hakuna upande ulio wazi.

"Mafuta ya magoti yanaogopa jua," akasema. "Sijapata kusikia."

Akanirudishia, akaenda kuwaita wanawake walete mahindi.

Nilimrudishia mama kichupa chake jioni ile. Alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka sandukuni bila kuuliza nilimwonyesha nani. Mdogo wangu alikuwa uwanjani, akasema, "Karibu, kaka." Nikamjibu, "Ahsante." Hadi leo tunaongea hivyo, na fito za dari zimeanza tena kuwa nyeusi.